Injini Haifi Peke Yake

Wakulima wa Kyela tunajua kumkagua ng'ombe wa kulimia. Tunamtazama kwato na mabega, tunamtembeza, kisha pembeni tunamuuliza jirani wa muuzaji kama mnyama huyo ana tabia ya kulala katikati ya shamba. Lakini tukienda kununua trekta lililotumika, wengi wetu tunatazama rangi na matairi, tunasikiliza mlio kwa dakika chache, tunatoa fedha. Ndiyo maana si ajabu kupita katika vijiji vya bonde letu ukakuta trekta limeegeshwa chini ya mwembe, kuku wanataga juu ya kiti chake, na mwenyewe anakuambia bado anatafuta spea.

Sisi tulinunua trekta ambalo injini yake ilikuwa imekwisha kufa, na tulijua imekufa. Leo linalima. Nasimulia habari zake kwa sababu naamini kilichotuokoa hakikuwa fedha wala bahati. Alikuwa mzee mmoja, fundi, aliyekataa kutengeneza kilichovunjika kabla ya kujua kimevunjwa na nini.

Asiyeifahamu Talatala, kwetu hapa Kyela, aijue kwanza ardhi yake. Huku ndiko kaskazini mwa Ziwa Nyasa, tambarare iliyo chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, milima ya Rungwe ikiwa mgongoni na ile ya Livingstone upande wa mashariki. Maji ya milima inayotuzunguka yanateremka kwetu: Songwe, Kiwira, Mbaka, Lufilyo. Mvua za Kyela si za kubembeleza. Zikianza kushika mwishoni mwa mwaka, udongo wetu wa mfinyanzi, ambao Oktoba ni mgumu kama tofali, unageuka tope linalomeza mguu hadi gotini. Katikati ya hali hizo mbili kuna muda mfupi ambao shamba la mpunga linalimika vizuri kwa mashine. Ukiuchelewa huo, unarudi kwa ng'ombe na jembe la mkono, unapanda ukiwa umechelewa, na mafuriko ya Aprili yanaukuta mpunga ukiwa bado mfupi.

Miaka mingi familia yetu ilikodi. Trekta linapokuja kijijini kila mtu analitaka siku hiyo hiyo, na mwenye trekta anaanza na wenye mashamba makubwa yaliyo karibu na barabara. Mama yetu, ambaye shamba lake liko mbali kuelekea mtoni, alikuwa wa mwisho kila mwaka. Baada ya mavuno ya mpunga na malipo ya kakao tulikaa ndugu wote, tukaamua kuchanga. Fedha ya trekta jipya hatukuwa nayo, na mkopo wa benki ulitaka dhamana ambayo ni shamba lenyewe. Tukaelekeza macho kwenye matrekta ya zamani.

Tulichokipata ni Massey Ferguson 135. Aina hii ilitengenezwa kule Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1964 hadi 1975, kwa hiyo hata la mwisho kabisa kutoka kiwandani limeshapita umri wa wengi wa madereva wake. Injini yake ni Perkins ya dizeli yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, nguvu za farasi takriban 45. Si trekta kubwa. Kwenye mfinyanzi wetu linavuta plau la diski mbili, na anayelifunga diski tatu analitafutia kifo. Lakini lina sifa ambayo matrekta mengi mapya hayana: halina kompyuta, halina umeme wa kubabaisha, na karibu kila duka la spea za matrekta pale Mbeya linaijua injini hiyo kwa jina.

Lilikuwa Usangu, wilayani Mbarali, huko ambako mashamba makubwa ya mpunga yalileta matrekta mengi na kuzalisha mafundi wengi. Mzee tuliyekwenda naye alijifunza kazi katika karakana ya shamba kubwa huko huko, akiwa kijana. Kwa heshima yake sitamtaja jina. Sisi tunamwita Tata, kama tunavyowaita baba zetu kwa Kinyakyusa. Sharti lake la kwanza lilikuwa tufike asubuhi na mapema bila kumpigia muuzaji simu. Trekta linalowaka, alisema, linapaswa kuonwa likiwa baridi. Mtu anayelipasha moto kabla hujafika ana jambo anaficha. Injini iliyochoka ikishapata moto inawaka kwa urahisi na moshi wake unapungua. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kuweka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya moto saa moja asubuhi, uliza kwa nini.

Hili letu halikuwaka kabisa. Muuzaji, bwana mmoja mpole aliyetukaribisha uji, alituambia ni gasketi tu ya hedi imeungua, kwamba kwa siku mbili tutakuwa barabarani. Huenda aliamini hivyo kweli. Tata hakubishana naye. Aliomba beseni, akalala chini ya trekta, akalegeza nati ya kumwagia oili. Kilichotoka kwanza hakikuwa oili. Yalitoka maji, maana injini ikikaa muda mrefu maji hujitenga na kushuka chini, kisha ikafuata oili ya kijivu iliyovurugika. Hapo tulijua maji ya kupozea yamekuwa yakiingia kwenye oili. Muuzaji akatikisa kichwa kukubali: gasketi.

Tata akaendelea. Akafungua bakuli la filta ya oili, akatoa ile filta ya karatasi, akaikata kwa kisu na kuikunjua juani. Katikati ya mikunjo kulikuwa na chembe zinazometa, nyingine rangi ya fedha, nyingine rangi ya shaba. Akaniita. Beringi za injini hii, alinieleza, zina tabaka. Juu kuna tabaka laini jeupe, chini yake kuna lenye shaba. Ukiona nyeupe peke yake kwenye filta, beringi zinalika. Ukiona shaba, tabaka la juu limekwisha na kranki yenyewe inakwaruzwa. Kwa maneno mengine hii haikuwa kazi ya gasketi ya siku mbili. Ilikuwa injini ya kufunguliwa yote.

Kaka yangu alikuwa ameshasimama, amekunja fedha zake. Ndipo Tata alipofanya jambo ambalo mpaka leo naliona kuwa ndiyo elimu kubwa ya siku ile. Aliiacha injini, hakuigusa tena, akaenda nyuma. Injini imeshasema ugonjwa wake, alisema, sasa tuangalie ambavyo havijasema. Akapima oili ya gia boksi kama nayo ina maji. Akafungua kifuniko cha pembeni akamulika tochi ndani, pampu ya haidroliki ilipo. Akatikisa magurudumu ya nyuma kusikiliza mlegeo, akazungusha usukani, akachungulia pini za ekseli ya mbele, akapitisha kidole kwenye meno ya shafti ya nyuma inayozungusha mashine. Matairi makubwa yalikuwa na meno ya misimu kadhaa. Haidroliki haikuweza kujaribiwa bila injini, na kwa sababu hiyo bei ilipunguzwa.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Injini ya aina hii inafunguka, spea zake zinapatikana, na kila kipande kinapimika. Gia boksi na difu zikiwa zimekufa pamoja na injini, utakuwa umenunua chuma chakavu. Trekta linalowaka kwa shida, ambalo muuzaji anadai bei ya zima, ni hatari kuliko lililokufa wazi, maana lile la kwanza unanunua matumaini, hili la pili unanunua kitu unachokijua. Waswahili husema usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Sisi gunia tulilifungua wenyewe kwa kisu.

Tulikubaliana bei ya trekta lisilo na injini. Tukaandikishana ofisi ya kijiji mbele ya mashahidi, namba ya trekta na namba ya injini zikasomwa kwenye chuma na kulinganishwa na kadi. Nasisitiza hili la kadi kwa sababu nimeona ndugu wakigombana na TRA na polisi kwa trekta ambalo namba zake haziendani na karatasi. Namba ya injini ina kazi ya pili pia: ndiyo unayoipeleka dukani, kwa kuwa injini hizi zilibadilishwa hapa na pale kadiri miaka ilivyokwenda, na spea ya toleo moja inaweza isikae kwenye toleo jingine.

Fuso lilitubeba kupitia Uyole na Tukuyu, tukashuka nalo bondeni usiku.

Trekta la namna hii halina chesisi kama lori. Injini, gia boksi na ekseli ya nyuma vimefungwa kimoja kwa kingine, na ndivyo vyenyewe vinavyobeba uzito wote. Kutoa injini ni kulikata trekta vipande viwili. Tulipanga magogo na vipande vya reli chini yake kwa uangalifu, kwa kuwa mtu aliye chini ya trekta lililogawanywa hana pa kukimbilia. Vijana wa jirani walikuja kutazama, na Tata hakuwafukuza. Aliwapa kila mmoja kopo la dizeli na brashi, akawaambia asiyeosha haangalii.

Kisha akaanza kutafuta muuaji.

Hedi ilipoinuliwa, gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hilo kila mmoja alilitarajia. Mafundi wengi wangeishia hapo: gasketi mpya, ringi, beringi, funga. Tata akauliza gasketi iliungua kwa nini. Gasketi haiungui yenyewe, injini imechemka. Imechemka kwa nini? Akaja kwenye radieta. Mapezi yake yalikuwa yameziba kwa pumba za mpunga zilizogandamana na vumbi na oili, upepo haupiti. Ndani, mirija ilikuwa na ukoko wa maji ya kisima yaliyomiminwa miaka nenda miaka rudi. Pampu ya maji ilikuwa inavuja kwenye shafti. Themostati haikuwepo, mtu aliitoa zamani, kama wanavyofanya wengi wakiamini kwamba injini itapoa zaidi. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umekufa, waya wake umefungwa fundo na kusahauliwa.

Basi picha ikakamilika. Radieta iliziba polepole kwa miezi. Maji yalipungua kupitia pampu. Dereva hakuwa na mshale wa kumwonya, naye alikuwa analipwa kwa ekari. Siku moja ikachemka, akamimina maji, akaendelea. Ikachemka tena. Hedi ikapinda kwa joto, gasketi ikaachia, maji yakashuka kwenye oili. Oili yenye maji haibebi uzito wa kranki. Beringi za konrodi ya pili zikaanza kulika, chembe zikazunguka na oili na kuzila nyingine. Mtu wa mwisho kuliendesha akasikia mlio wa kugonga, akazima, na hapo ikawa mwisho.

Kulikuwa na muuaji wa pili, na huyu hakuhusiana na maji. Kichujio cha hewa cha trekta hili ni cha oili: hewa inapita juu ya bakuli lenye oili na vumbi linanaswa. Bakuli tulilolifungua lilikuwa na udongo mkavu uliopasuka. Injini ilikuwa imevuta vumbi la Usangu bila kizuizi. Ringi za juu zilikuwa nyembamba kama wembe, na silivu zilikuwa na mistari unayoweza kuihesabu kwa ukucha. Kwa hiyo hata bila ajali ya joto injini ile ilikuwa njiani kufa.

Katika injini hii silivu ni kavu, yaani zimeshindiliwa ndani ya bloku na hazigusani na maji. Ziko injini nyingine ambazo silivu zake zinaoga maji, na zenyewe maji yanaweza kupenya chini kupitia mipira ya kuzibia hata kama gasketi ni nzima. Kujua unayo ipi kunakuokoa usitafute uvujaji mahali usipoweza kuwepo.

Oktoba ilikuwa inakwisha. Kaka alianza kukosa subira, nami simlaumu, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameanza kukaa juu ya Livingstone. Akamwambia, "Tata, tuifunge hivi hivi na gasketi mpya, tulime msimu huu, mwakani tutaifungua vizuri." Mzee alinawa mikono kwanza. Akasema, "Mwanangu, fedha ya gasketi unayo. Ukiifunga leo, ukaifungua Januari, utanunua gasketi mbili, na kranki haitakuwa ya kuchonga tena, itakuwa ya kutupa. Kama hamna fedha, ngojeni. Trekta lililokaa halizidi kuharibika."

Tulingoja. Tuliuza mpunga tuliokuwa tumeuweka kusubiri bei ya Februari, na hilo liliuma kuliko nilivyotarajia.

Kranki, bloku na hedi vilikwenda Mbeya. Karakana ya kukereza ilipima kila shingo ya kranki kwa maikromita, ikaonekana haijawahi kuchongwa tangu kiwandani. Ilikuwa habari njema, maana kranki huchongwa kwa hatua za sehemu kumi kumi kati ya elfu za inchi: kumi, ishirini, thelathini, na beringi nene zaidi hununuliwa kwa kila hatua. Ya kwetu ilisafika kwenye ishirini. Hedi ilipimwa kwa maji ya shinikizo, haikuwa na ufa, ikasawazishwa kwenye mashine. Silivu za zamani zikatolewa, mpya zikashindiliwa.

Spea zilikuwa vita nyingine. Boksi moja linaandikwa jina kubwa na ndani kuna ringi inayovunjika kama biskuti. Tata aliingia dukani na ringi ya zamani, na kipimo chake cha mapengo, akaomba aiingize ringi mpya ndani ya silivu mpya hapo hapo kaunta na kupima uwazi wa ncha zake. Duka la kwanza lilikataa. La pili lilimletea kiti. Tulinunua katika la pili, kwa bei ya juu, na nashauri kila mtu aende na fundi wake dukani badala ya kumtuma kijana na orodha.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko zote haikuwa kufunga bali kuosha. Njia za oili ndani ya bloku na ndani ya kranki zilisafishwa kwa waya, dizeli na upepo wa kompresa, tena na tena, mpaka kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Chembe moja ya chuma iliyobaki kwenye tundu inaenda moja kwa moja kwenye beringi mpya mara injini inapowaka. Nimeshuhudia injini iliyojengwa kwa spea halisi ikifa ndani ya wiki chache kwa sababu ya uchafu uliobaki humo. Sili ya nyuma ya kranki kwenye toleo letu ni ya kamba, inayolowekwa kwenye oili na kukandamizwa kwa mkono. Asiyeifahamu anaiweka haraka, na klachi inaloa oili kabla ya mwezi. Bolti za hedi zilikazwa kwa spana ya kipimo tuliyoazima, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda nje. Vavu zikawekwa uwazi wa sehemu kumi na mbili kati ya elfu za inchi injini ikiwa baridi. Radieta ilifunguliwa ikapigwa fimbo, pampu ya maji ikawa mpya, themostati ikarudishwa mahali pake, na mshale wa joto ukanunuliwa kabla ya rangi.

Ilipowaka, mama alipiga vigelegele kutokea jikoni. Tata hakusimama karibu nasi. Alikuwa ameinama anatazama mshale wa oili.

Baada ya injini kupata moto bolti za hedi zilikazwa upya, na oili ya kwanza ilimwagwa mapema. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume: injini mpya huachwa ingurume bila mzigo kutwa nzima, eti izoee. Ringi mpya zinahitaji mzigo wa wastani ili zikae vizuri kwenye silivu. Ikinguruma bure, silivu zinang'aa kama kioo na injini inakula oili maisha yake yote. Sisi tulikwenda shambani na diski moja ikiwa imefungwa juu, kwenye udongo mwepesi wa karibu na nyumba.

Katika majuma yale ya kuosha vyuma nilimuuliza Tata kwa nini nchi yetu imezika matrekta mengi kiasi hiki. Hakujibu moja kwa moja, alinitajia Kongwa. Nikaenda kusoma.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga hapa Tanganyika, ikikusudia kulima mamilioni ya ekari, zikiwemo za Kongwa, Urambo na Nachingwea, ili kupunguza njaa ya mafuta ya kula iliyowakumba Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Matrekta mapya yalikuwa adimu. Wakanunua yaliyotumika, mengi yakiwa mabaki ya jeshi la Marekani kutoka Ufilipino. Mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa na kampuni ya Vickers, yakaitwa Shervick. Yalishuka Dar es Salaam yakiwa yanaonekana mazima. Kufika Kongwa yakakutana na mizizi ya vichaka, na udongo ambao jua likiupiga unakuwa saruji na mchanga wake unasaga chuma. Kabla mwaka ule haujaisha, sehemu kubwa ya matrekta yaliyokwisha kufika ilikuwa imelala karakanani, na karakana zenyewe hazikuwa na spea wala mafundi wa kutosha, na madereva walikuwa wamefundishwa kwa haraka. Januari 1951 mpango ulifutwa, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.

Watu hutaja mvua na udongo wa Kongwa, na ni kweli vilichangia. Lakini mimi nikisoma habari zile naliona lile bakuli la kichujio lenye udongo mkavu. Wale walikuwa na fedha, walikuwa na wahandisi, na bado walinunua mashine mbovu bila kuzifungua na kuzipeleka mahali ambapo hakuna aliyeandaliwa kuzitunza. Kisha sisi wenyewe, tukiwa huru, tumelirudia jambo hilo kwa sura nyingine. Miaka ya 1980 kiwanda cha TRAMA pale Kibaha kiliunganisha matrekta ya Valmet kutoka Finland. Mwaka 2009 ilizinduliwa kampeni ya Kilimo Kwanza, yakaja matrekta ya mkopo, na pawatila, yaani trekta ndogo za magurudumu mawili, zikasambazwa wilayani. Nia ilikuwa njema. Lakini pawatila zilizofika vijijini bila fundi, bila filta za akiba, bila mtu mmoja anayewajibika kutazama oili asubuhi, zilikwenda njia ile ile ya Kongwa. Kununua mashine ni sherehe, kuna hotuba na picha. Kuosha kichujio cha hewa hakuna anayekupiga picha.

Ninaandika haya kwa uchungu kwa sababu najua gharama yake kwa mtu kama mama yangu. Trekta likifa Desemba, anayeumia si mwenye trekta peke yake. Ni kila mjane na kila kijana aliyekuwa kwenye foleni, ambaye mpunga wake sasa utapandwa umechelewa.

Nyumbani kwetu tulibadilisha mambo machache. Dereva wetu halipwi kwa ekari tu. Ana malipo ya siku pia, ili asione hasara kusimamisha trekta mshale wa joto ukipanda. Kuna daftari linalokaa chini ya kiti, lenye tarehe, saa za kazi, oili iliyoongezwa na jina la aliyekagua. Wakati wa vumbi bakuli la hewa linafunguliwa kila asubuhi, na radieta inapigwa maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili pumba zitoke zilikoingilia. Na kwa kila ekari tunayolimia watu, sehemu ya malipo inaingia kwenye mfuko wa matengenezo kabla ndugu yeyote hajagawiwa. Hilo la mwisho ndilo lililoleta mabishano makali kuliko yote nyumbani, na ndilo ninaloliona la maana kuliko yote. Msimu wa pili pampu ya dizeli ilipohitaji kupelekwa Mbeya, hatukuitisha kikao cha kuchanga. Ilikwenda, ikarudi ndani ya juma, na shamba la mama lilikuwa tayari kabla ya mvua kubwa.

Vijana wawili kati ya wale waliopewa makopo ya dizeli sasa wanaitwa vijiji vya jirani kufungua injini. Tata amezeeka, macho yake hayasomi tena maikromita. Wilaya yetu ina AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinazouza kakao na kusimamia fedha nyingi za wakulima. Viongozi wao wanisikie: kabla chama hakijanunua trekta, kiwe na fundi wake aliyesomeshwa VETA au kwa mzee kama huyu, kiwe na mfuko wa spea uliopitishwa na mkutano mkuu, na daftari. Na wewe unayekwenda Usangu au Mbeya mwaka huu kutafuta trekta la zamani, nenda alfajiri, nenda na fundi asiyejuana na muuzaji, na ukate filta kabla hujahesabu fedha.